Kilomita Elfu Kumi na Tatu kwa Saa Sita

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo tena. Hiyo ya pili ni ya mkaza mjomba, mpe kabla hajaanza kununa. Mimi mzima, mafua yameisha, na dirisha la chumba chetu sasa linafunga vizuri, kwa hiyo usiniandikie tena habari za kuvaa soksi mbili mbili. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje? Na wewe, bado unakwenda stendi kila asubuhi kuwakosoa madereva wanavyorudi nyuma?

Sasa kaa chini kama umesimama, maana nina habari na zote zinataka kupita mlangoni kwa pamoja.

Naolewa! Ndiyo, na yule yule fundi wa lifti ambaye ulisema kwenye picha anafanana na mtu aliyepoteza funguo. Harusi ni tarehe 8 Juni. Halafu nimepewa usukani. Sisukumi tena mizigo. Naendesha basi la hapa uwanja wa ndege, lile linalowachukua abiria kwenye ngazi za ndege na kuwapeleka jengoni. Ni refu, lina milango pande zote mbili, na mwendo wake ni wa kobe, lakini ni basi, Mjomba, na anayeliendesha ni mimi. Siku ya kwanza nilijaribu breki kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kama ulivyonifundisha. Msimamizi akaniuliza nimesomea wapi.

Na kubwa kuliko yote: kuanzia Mei kuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwenu mpaka huku. Hakuna kushuka njiani, hakuna kujikunja kwenye viti vya uwanja wa watu. Kilomita elfu kumi na tatu inazimeza kwa mkupuo mmoja! Nimekukatia tiketi ya tarehe 6 Juni, nakala iko humu kwenye bahasha. Inaondoka huko saa mbili asubuhi, inafika huku saa nane mchana, na zamu hiyo nimeshaiomba, kwa hiyo basi litakalokupokea chini ya ngazi ni langu.

Najua utakachosema. Miaka saba hii nimekusikia ukisema safari ya kuzidi saa nane si safari, ni adhabu, na kila nikikualika unapata udhuru. Lakini baba sina, na aliyenilea ni wewe. Siku ile nikiingia ukumbini nataka mkono nitakaoushika uwe wako. Ukikataa nitaingia peke yangu, sitatafuta mjomba wa kuazima.

Nijibu upesi, ingawa najua barua hupanda ndege kama watu na bado hutumia wiki tatu kufika.

Mpwa wako akupendaye,
Honi


27 Februari

Honi, mwanangu, bibi harusi mtarajiwa na dereva mwenzangu,

Marahaba. Mkaza mjomba naye kaipokea ya kwake. Goti lake ni kama injini ya dizeli: asubuhi linagoma, likishapata moto linakwenda. Stendi naenda, na hali inazidi kuharibika. Juzi kijana mmoja alirudi nyuma akagonga kibanda cha tiketi cha kampuni yake mwenyewe.

Barua yako niliianza nimesimama, ukaniamuru nikae, nikakaa, halafu nikasimama tena. Umenipa furaha ambayo sina mahali pa kuiweka. Mtoto niliyemwita Honi kwa sababu kilio chake kilikuwa kinasikika mpaka gereji, leo anaolewa na anashika usukani! Nimemsomea kila aliyekubali kusikiliza, na wawili waliokataa.

Lakini hasa ni hiyo ndege. Nilivaa miwani nikasoma tiketi mara mbili. Kuondoka saa mbili, kufika saa nane. Honi, hizo ni saa sita! Mimi kwenda kwa wakwe zangu nilikuwa natumia saa sita, na hapo tairi halijapasuka. Nikachukua kilomita zako elfu kumi na tatu nikazigawa kwa sita, nikapata zaidi ya elfu mbili kwa saa. Nilikwenda stendi nikawaambia wale vijana wanaojisifu kwa mia na ishirini kwamba mpwa wangu ananipandisha chombo kinachokwenda elfu mbili.

Kwa hiyo nakuja. Nasema tena, nakuja! Unaujua ugonjwa wangu: nikikaa kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, mguu wa kulia hautulii, unakanyaga breki isiyokuwepo mpaka paja linakakamaa. Zaidi ya saa nane siendi mahali, hata ningeitwa peponi. Sababu ninayo na si ya kuandikwa. Lakini saa sita naziweza, nitazing'atia meno ziishe.

Mwambie fundi wa lifti nakuja kumkagua. Mtu anayewaning'iniza wenzake kwa kamba nina maswali naye.

Na usinipigie simu kwa mambo haya. Sikio langu la kushoto lilibaki kwenye injini zamani, na mimi niliyebeba barua za watu chini ya kiti changu maisha yangu yote siwezi kuwa wa kwanza kuzidharau.

Mjomba wako,
Mzee Breki


20 Machi
(haikutumwa)

Mjomba, shikamoo.

Si saa sita. Ni saa kumi na tano. Kwenye tiketi kila saa ni ya mahali pake: saa mbili asubuhi ni ya kwenu, saa nane mchana ni ya huku, na sisi huku tuko nyuma yenu kwa saa tisa. Nyinyi mkiwa mnakunywa chai ya asubuhi, mimi ndiyo kwanza nakwenda kulala. Muda wa safari sikuuandika makusudi. Nilisema nikulainishe kwanza, halafu nikuambie kwenye barua ya pili. Sikujua kama utapiga hesabu mwenyewe, na upate jibu la kukufurahisha hivyo.

Fundi wa lifti anasema nikuambie leo leo. Yeye hakujui. Mimi nakujua. Umeshaandika nakuja mara mbili, umeshatangaza stendi nzima, na nikikuambia ukweli hutakuja. Nikikuambia


22 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo wewe na mkaza mjomba. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto kabla hajainuka kitandani, si baada ya kulalamika.

Unakuja! Barua yako niliisoma ndani ya basi nikisubiri ndege itue, nikapiga ukelele mpaka mwenzangu wa mizigo akaja mbio akidhani nimebanwa na mlango. Tangu siku hiyo sishikiki. Jana niliwabeba wachezaji wa mpira waliotoka kufungwa mabao manne, basi zima linanuka huzuni, na mimi huku mbele naimba.

Fundi wa lifti anajizoeza kukuamkia mbele ya kioo. Hiyo shikamoo inamtoka kama chafya, lakini anajitahidi. Anakwambia lifti haining'inii kwa kamba moja, ziko nyingi, na moja tu inatosha kuibeba. Nimemwambia ajiandae kukuonyesha. Gauni limeshonwa, likafumuliwa, linashonwa tena, kwa sababu fundi cherehani alilipima siku niliyokuwa nimeshiba.

Kuhusu mwendo wa ndege, marubani wanajua kazi yao. Wewe nitumie kipimo cha mabega, tukushonee koti linalofanana na la bwana harusi.

Barua fupi, nisamehe, ndege imetua na taa zinaniita.

Honi


14 Aprili

Honi,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi, lakini bibi harusi husamehewa. Mkaza mjomba wako haji, daktari kamkatalia kwa ajili ya goti, na wala usimlilie. Anachotaka ni picha nyingi, na asionekane mtu aliyefumba macho.

Pasipoti ninayo. Kwenye picha naonekana kama mtu anayetafutwa, lakini ni mimi. Ubalozini wakaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kumshika mtoto mkono. Binti wa dirishani akacheka, akagonga muhuri. Kipimo cha mabega nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Usimruhusu fundi cherehani akipunguze, mabega ya dereva hayapungui kwa kustaafu.

Sasa sikia. Nimeanza mazoezi. Kila Jumamosi naweka viti viwili sebuleni, kimoja mbele, kimoja nyuma. Mkaza mjomba anakaa cha mbele, ndiye rubani, mimi nakaa nyuma na mkanda wa suruali nimejifunga kwenye kiti. Mara ya kwanza nilidumu saa mbili nikamwambia apunguze mwendo, akageuka akaniuliza apunguze nini. Jumamosi iliyopita nimefika tano! Rubani mwenyewe alisinzia hapo katikati, na mimi sikupenda, nikamwamsha. Kakasirika, kasema ndege yake haipandi mzee anayepiga kelele. Lakini nimefika tano, Honi, na sita haiko mbali. Nina hamu mpaka chakula hakipiti.

Jambo moja dogo. Jirani yetu, yule mwalimu wa jiografia aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kuwasahihisha watu, anasema hakuna ndege ya abiria inayokwenda elfu mbili kwa saa. Ati kuna saa za huko na saa za hapa. Nikamwambia saa ni saa. Tukabishana mpaka watu wakajaa barazani. Mwisho nikamwambia, mpwa wangu anafanya kazi kwenye uwanja wenyewe, ningekuwa nimekosea angekwisha kuniambia. Akatabasamu lile tabasamu lake.

Kwa hiyo niandikie mstari mmoja tu, ni saa sita au siyo, nikambandikie mlangoni kwake. Neno lako linanitosha. Tangu mdogo ulikuwa ukivunja kikombe unakuja na vipande mkononi.

Mjomba wako, abiria


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za gauni.

Siyo saa sita. Ni saa kumi na tano, na mwalimu ana haki ya kutabasamu. Saa nane iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya huku, na huku tuko nyuma yenu kwa saa tisa. Ndege inakwenda chini ya mia tisa kwa saa, kama ndege nyingine zote. Nilijua tangu barua yako ya Februari. Nilikuandikia ukweli nikauacha kwenye droo, halafu nikakutumia maneno ya marubani wanajua kazi yao. Hicho ndicho kikombe, na vipande ndivyo hivi.

Nilitaka uje hata kwa uongo. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila nikifikiria ule ukumbi namwona kila mtu na watu wake, na upande wangu uko wewe tu. Nikaona bora unikasirikie hapa kuliko uniwie radhi huko. Kisha ukaniandikia habari za viti sebuleni, mkanda wa suruali, na kwamba neno langu linakutosha. Siku tatu sikuweza kula.

Nilimpigia simu mkaza mjomba nikamwomba akuambie yeye. Akasema, "Mimi? Aliyeandika ni wewe, na atakayefuta ni wewe," akakata. Hata sauti yake sikuielewa, kama mtu anayezuia kicheko.

Ukiamua kuja, kiti chako kiko kando ya njia, utaweza kusimama na kutembea upendavyo. Chakula wanaleta mara mbili na vitafunio katikati, kuna sinema, blanketi wanatoa. Ukiamua kutokuja, nitaelewa. Sitanuna. Nitaingia peke yangu na kutembea polepole.

Nimetuma kwa njia ya haraka. Posta wameniapia itafika mapema.

Honi


6 Juni, angani

Wewe Honi!

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama nitakuwa nimepoa.

Nimekaa vizuri tangu asubuhi. Nilimsifu rubani alivyopaa, nikampa alama tisa. Mguu ulikanyaga, ulikanyaga, nikauambia tulia, ni saa sita tu, tumezifanyia mazoezi. Saa yangu ya mkono ilipofika saa nane kamili mchana, na jua liko juu kama tiketi ilivyosema, nikavaa viatu. Nikachana nywele. Nikavaa koti, nikatoa begi juu, nikasimama njiani nimelipakata. Mhudumu akaja: "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Nashuka, binti. Nina mtu chini."

Honi, walicheka mpaka waliokuwa wamelala. Bwana mmoja mnene alijifuta machozi kwa blanketi. Yule binti hakucheka, Mungu ambariki, alinikalisha taratibu akanionyesha kwenye kioo kidogo ndege yetu ilipofika. Hata nusu ya njia bado! Tumebakiza saa tisa, anasema. Nikamwambia haiwezekani, tiketi hii hapa. Akanieleza saa za huko na saa za hapa, maneno yale yale ya mwalimu, na mimi hapo hapo nikajua kwamba ulijua. "Marubani wanajua kazi yao." Shika adabu yako!

Ndipo nikakumbuka asubuhi mkaza mjomba alivyonifungia chakula cha watu wanne. Nikamuuliza cha nini kwa saa sita, akasema angani kuna njaa. Akanikumbatia akicheka mpaka mabega yakatikisika. Kumbe na yeye! Mmenizunguka, nikazungukika.

Hasira zikakaa kidogo, halafu zikaondoka, ikabaki hofu. Sasa nikuambie nilichokataa kukuandika. Siyo mguu. Mguu ni kisingizio. Nimeendesha miaka mingi na najua dereva anavyokuwa akipita saa nane usukanini. Macho yako wazi lakini mwenyewe hayupo. Yule aliyenifundisha kazi alikufa hivyo, saa ya kumi ya kuendesha, kwenye barabara iliyonyooka, na basi limejaa. Tangu hapo gari lolote likizidi saa nane namwona yeye ndiye aliyeshika usukani. Wewe sikukuambia kwa sababu ulikuwa unasafiri na mimi likizo zote, unalala nyuma ya kiti changu, na mtoto aliyelala haambiwi mambo kama hayo.

Kwa hiyo nilipopiga hesabu nikaona huyu rubani atazipita saa nane bado tuko juu ya bahari, jasho lilinitoka. Nikamwita binti, nikamwambia naomba nikazungumze na dereva. Akasema mlango haufunguliwi. Nikamwambia, basi nenda wewe, mtazame macho, uje uniambie. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza, mtu nisiyemjua, lile ambalo wewe sikukuambia miaka yote.

Akasema, "Mzee, mbona wako wanne?"

Wanne, Honi! Wawili wanaendesha, wawili wamelala kwenye vitanda, vitanda kabisa na mashuka, halafu wanapokezana. Hakuna anayeshika usukani saa nane. Nilimshika yule binti mkono. Muda si mrefu mmoja wao akapita anakwenda kupumzika, shati limekunjamana, nikasimama nikampa mkono nikamwambia lala vizuri, kijana wangu, lala sana. Sijui alinionaje. Wewe unafanya kazi chini ya hizo ndege kila siku na hukuwahi kuniambia! Na ungeniambiaje, wakati mimi sikuwahi kusema ninachoogopa?

Baada ya hapo nimekula chakula cha mkaza mjomba chote, na cha kwao pia. Yule bwana mnene nimemgawia, sasa ni rafiki. Nimetembea mpaka nyuma na kurudi. Jua limegoma kuzama, linatufuata njia nzima, na mimi nimegoma kulala, naangalia kila kitu. Honi, dunia ni kubwa, na inapendeza kupita juu yake na mtu mwingine ndiye anayehangaika na usukani!

Najua uliniandikia ukweli. Nakujua, huwezi kulala na kitu kama hicho. Barua hiyo haikunifika. Pengine iko kwenye ndege inayokwenda kwetu sasa hivi na tumepishana juu ya mawingu. Kwa mara ya kwanza maishani naishukuru posta kwa kuchelewa.

Tumeanza kushuka, na wanasema tufunge vimeza. Nitakupa karatasi hizi mkononi mwako, kwa kuwa mdomo wangu hautaweza, na nisingependa nilie mbele ya fundi wa lifti kabla sijamkagua. Shikamoo yako naiitikia kabisa kabla hujaitoa: marahaba.

Nilitaka kumalizia kwa kukuambia kwamba hata ungeniandikia kumi na tano tangu mwanzo ningekuja, kwa sababu ni wewe. Nimeuandika mstari huo nikaufuta. Nisikudanganye na mimi. Nisingekuja, Honi. Ningekutumia kitambaa kizuri na barua ndefu, ningekaa sebuleni na sababu yangu, na kesho kutwa ungeingia ukumbini peke yako, na mimi ningejiambia maisha yangu yote kwamba ilikuwa mbali.

Asante kwa kunidanganya. Usirudie tena.

Mjomba wako